Mwekundu wa Mtoni: Tazama Kwanza Anavyokaa, Rangi Baadaye

Mwenyekiti, wazee wetu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, waongoza watalii, na nyinyi vijana mliotoka chuoni, naomba nihesabu kwamba itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kunialika Amani, hapa Usambara Mashariki, na asanteni kwa chai. Iliki ya huku haina mpinzani, ingawa baadaye kidogo nitaisema vibaya.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumtambua kereng'ende porini. Najua wengi mmekuja kumsikia yule mashuhuri, Amanipodagrion gilliesi, anayefanya wageni wafunge safari kutoka Ulaya hadi kwenye kijito kimoja cha msitu huu. Nitamfikia. Ila muda mwingi wa leo nitaupa kereng'ende ambaye hakuna mgeni atakayetoa hata shilingi kwenda kumwona: yule mwekundu, mdogo, wa urefu wa sentimita tatu na nusu hivi, anayekaa juu ya mawe na vijiti kila penye maji na jua. Yuko hapa, yuko Senegali, yuko Misri, yuko Afrika Kusini, na ng'ambo ya bahari yuko Oman. Wataalamu wanamwita Trithemis arteriosa, jina alilopewa na Mjerumani Burmeister mwaka 1839. Kwa leo tumwite mwekundu wa mtoni, tuelewane.

Kwa nini huyu? Kwa sababu atakayemjua huyu barabara, bila kubahatisha, atakuwa na cha kuwalinganishia wengine wote. Na kwa sababu kuwapo kwake mahali fulani ni habari. Sehemu hiyo ya pili ndiyo hasa iliyonileta.

Afrika ina spishi za kereng'ende zaidi ya mia saba, na bado zinaongezeka. Mwaka 2015 Klaas-Douwe Dijkstra, Jens Kipping na Nicolas Mézière walitangaza spishi mpya 60 za bara hili kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kijana asije akaniambia kazi imekwisha. Lakini katika hao mia saba, wekundu ndio wanaotutia tabu zaidi, kwa sababu jicho likishaona wekundu huwa linaridhika. Mtu anasema "yule mwekundu" na anapita. Kumbe kwenye dimbwi moja wanaweza kukaa wekundu wa aina tatu, kila mmoja na kijiti chake.

Rangi ina matatizo yake. Dume la kereng'ende mwekundu halitoki majini likiwa jekundu. Likijivua gamba lake la mwisho na kukausha mabawa, linakuwa la manjano kama jike. Wekundu unakuja kadiri linavyopevuka. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kinachotokea: rangi iliyomo mwilini ni ileile, ila inabadilika kikemia, na kinachokuwa cha manjano kinageuka kuwa chekundu. Waliwadunga madume machanga vitamini C, ile ya kwenye machungwa, wakawa wekundu kabla ya wakati wao. Maana yake ni kwamba ukiangalia rangi peke yake, kwanza unasoma umri, pili unasoma kama ni dume au jike, na spishi inakuja nyuma kabisa. Sisi tunaanza na kile kilichotakiwa kuwa cha mwisho.

Tuanze basi na swali ambalo halihitaji hata darubini. Amekaa, au anaruka tu bila kutua?

Wale mnaowaona wakitanda juu ya viwanja vya mpira Muheza na Tanga mvua za vuli zikikaribia, wengi, rangi ya manjano iliyoelekea chungwa, hao si wekundu wa mtoni. Ni Pantala flavescens, msafiri wa kutisha. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldives, alieleza kwamba makundi yale yanatoka India, yanapita visiwani kwake mwezi Oktoba na kuendelea, yakisukumwa na pepo za juu kuja pwani yetu. Mdudu wa sentimita tano kuvuka Bahari ya Hindi! Babu zetu walisubiri kaskazi na majahazi yao, kumbe juu ya vichwa vyao kulikuwa na abiria wengine. Huyu mchana kutwa yuko hewani. Akitua, ananing'inia wima chini ya kijiti, mkia ukielekea ardhini. Ukiona hivyo, hata kama jua limempaka wekundu, mwondoe kwenye orodha yako.

Mwekundu wa mtoni anakaa. Na anavyokaa ndiyo saini yake. Anachagua ncha ya kijiti, ya jani la unyasi au ya jiwe, anatua, kisha anayashusha mabawa mbele na chini, mara moja, mara mbili, mpaka anaonekana kama mtu aliyeangusha mabega baada ya kutua mzigo. Mkia anauacha umeinuka. Jenasi nzima ya Trithemis, yaani kundi lake la spishi za karibu, ina tabia hii. Basi ukimwona ameangusha mabawa hivyo umeshapunguza safari yako kwa zaidi ya nusu, na bado hujaangalia rangi.

Saa sita jua likiwa la utosi, tazameni tena. Atakuwa ameuinua mkia wima, ncha ikilielekea jua lenyewe. Wageni watawauliza kama ameumia. Hajaumia. Anajipunguzia joto, kwa kuwa mwili ukielekezwa hivyo unapigwa na jua sehemu ndogo sana. Mweleze mgeni hilo, atakukumbuka.

Sasa inueni darubini, tumwangalie kwa karibu. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea. Mkia wake, ambao kwa hakika ni tumbo lake lenye pingili kumi, ni mwembamba. Mwekundu juu, ndiyo, lakini angalia pembeni kuelekea ncha: kuna alama nyeusi ubavuni, zinazoongezeka na kuungana kadiri unavyokwenda mwisho, hadi pingili za nyuma kabisa zinakuwa na weusi wa kutosha kuonekana kwa mbali. Miguu yake ni myeusi. Mishipa ya mabawa ni myekundu, hasa upande wa mbele wa bawa, na hiyo ndiyo iliyompa jina la kitaalamu. Mahali bawa la nyuma linapoungana na kifua pana doa dogo la rangi ya asali. Basi. Mkia mwembamba, weusi ubavuni nyuma, miguu myeusi. Mkishika hayo matatu mmeshamshika.

Wa kumlinganisha naye kwanza ni Crocothemis erythraea, kwa sababu ndiye anayemeza majina ya wengine wote. Huyu ni mkubwa kidogo, mara nyingi sentimita nne, na ni mwekundu kupindukia: uso mwekundu, kifua chekundu, mkia mwekundu hadi mwisho, na hata miguu ni myekundu. Weusi wa pembeni hana. Mkia wake ni mpana na bapa, kama uliokanyagwa. Mmoja mwembamba mwenye miguu myeusi, mwingine mpana mwenye miguu myekundu. Najua mtaniambia miguu ya mdudu haionekani. Inaonekana. Subirini atue kwenye kijiti kilicho usawa wa macho, msogee upande, msimjie kutoka juu wala msiache kivuli chenu kimguse. Kereng'ende anaona karibu pande zote, na kinachomkimbiza ni kivuli na mikono inayopungwa. Mkienda taratibu mtamfikia mita mbili. Akiruka msihangaike, bakini palepale. Mara nyingi atarudi kwenye kijiti kilekile.

Wengine nitawapitia haraka. Mwekundu anayekaa juu ya mwamba wenye joto, ukutani au hata kwenye lami, mwenye doa kubwa la rangi ya chungwa kwenye shina la mabawa yote manne, ni Trithemis kirbyi. Huyu amevuka hadi Hispania, joto la dunia likimsaidia. Anayefanana na wa mtoni lakini wekundu wake umefunikwa na unga wa nta mpaka unaelekea zambarau, na mkia wake umenenepa kidogo, ni Trithemis annulata. Kwenye mabwawa ya tambarare, mtamkuta mmoja mnene mwekundu kwenye ncha za vijiti akiwa na doa la kahawia iliyokolea kwenye shina la bawa la nyuma. Huyo ni Urothemis assignata, wala habari za mito ya milimani hazimhusu.

Majike ni kesi nyingine. Jike la mwekundu wa mtoni ni la manjano ya kufifia lenye weusi ubavuni mwa mkia, na majike ya jamaa zake nayo ni hivyohivyo. Ushauri wangu ni mmoja: msubirini atakayeshikamana naye. Dume humshika jike shingoni kwa ncha ya mkia wake, na spishi za jenasi hii haziungani ovyo. Asipokuja dume, andikeni "Trithemis, jike" mkomee hapo. Rekodi inayosema jenasi tu ni rekodi nzuri. Rekodi ya spishi iliyobahatishwa ni takataka itakayomsumbua mtu miaka ishirini baadaye, na mimi nimeshasumbuka na takataka za wengine vya kutosha.

Kuna Trithemis ambao hata dume hamtamtambua kwa darubini. Hao ni wale weusi waliopakwa unga wa buluu, kina Trithemis furva na wenzake. Kwao inabidi umshike mkononi, umgeuze, umtazame kwa lenzi chini ya pingili ya pili ya tumbo, karibu na kifua. Dume la kereng'ende lina viungo vya kujamiiana hapo, mbali na ncha ya mkia, na vina vikulabu ambavyo umbo lake linatofautiana spishi kwa spishi. Wazee msicheke, ndiyo sayansi yenyewe. Kumshika kuna adabu yake: mabawa yote manne yakusanywe juu ya mgongo, yashikwe kati ya kidole gumba na cha shahada, wala si mkia, wala si miguu. Ukimaliza, mweke kwenye kijiti, usimrushe. Na kereng'ende ambaye mabawa yake bado yanameremeta na mwili wake ni laini usimguse kabisa. Ametoka majini leo na bawa likipinda halinyooki tena. Wale watoto wanaomfunga uzi mkiani nao tuzungumze nao, kwa upole, maana ndio watakaokuwa waongozaji kesho.

Simu zenu zinatosha kwa picha. Picha moja ya ubavu, moja ya juu, moja ya uso ukiweza. Watu wanapenda ile ya juu kwa sababu mabawa yanapendeza, lakini ya ubavu ndiyo yenye majibu: inaonyesha miguu, inaonyesha weusi wa pingili za nyuma, na kama ni dume inaonyesha kile kinundu cha chini ya pingili ya pili. Mkiipandisha iNaturalist, ule mtandao wa kuwekea picha za viumbe, programu itawapendekezea jina. Lichukueni kama pendekezo la kijana mwerevu ambaye hajawahi kufika Usambara. Mara nyingi yuko sawa, lakini haoni kama pale palikuwa na kivuli au jua, na hilo ndilo ninalotaka kulisema sasa.

Afrika Kusini wana kipimo cha afya ya mito kinachotumia kereng'ende, kilichoandaliwa na Michael Samways na John Simaika. Kila spishi inapewa alama kuanzia 0 hadi 9 kwa kuangalia mambo matatu: imeenea kiasi gani, imo hatarini kiasi gani, na inavumilia uharibifu kiasi gani. Mwekundu wetu wa mtoni ana alama 0. Sifuri! Yuko kila mahali, hayumo hatarini, anavumilia kila kitu. Mtu anaweza kusema basi hana maana. Mimi nasema mdudu wa sifuri ndiye anayekutajia habari mbaya mapema, mradi uwe na uhakika ni yeye.

Fikirini vijito vyetu. Kijito cha msitu wa Usambara Mashariki kina giza. Jua linafika majini kwa vidoa tu, maji ni baridi, na kereng'ende wake ni wa kivulini: wembamba, wataratibu, wasiopenda kuonekana. Mwekundu wa mtoni hana kazi hapo, yeye ni mtu wa jua. Sasa mtu akisafisha vichaka na miti midogo apande iliki chini ya miti mikubwa, au akikata miti ya ukingoni, au shamba la chai likishuka mpaka majini, jua linaingia. Na jua likiingia, wa kwanza kuja kukaa juu ya jiwe ni huyu. Hahitaji mwaliko. Wa kivulini wanapungua, wa jua wanaongezeka, na anayepita barabarani ataona kereng'ende wengi zaidi kuliko zamani, wazuri, wekundu, na atadhani mto umestawi.

Ndiyo maana nawasihi muandike kereng'ende wa kawaida. Kila mgeni anayekuja anaandika adimu. Hakuna anayeandika kwamba mwaka huu mwekundu wa mtoni ameonekana kwa mara ya kwanza juu ya daraja fulani, ndani ya msitu, mahali ambapo mwaka jana palikuwa na giza. Nyinyi mnaopita njia ileile kila wiki ndio pekee mnaoweza kuandika hivyo. Na maji haya hayaishii hapa. Mto Sigi unateremka mpaka bwawa la Mabayani na kutoka hapo unaingia kwenye mabomba ya Tanga mjini. Miaka ya 2000 mwanzoni, wachimbaji wa dhahabu walipoingia kwenye vijito vya milima hii, tope lililotoka huku halikuwa la wadudu peke yao.

Nimeahidi kumfikia mashuhuri. Amanipodagrion gilliesi alielezwa kitaalamu na Elliot Pinhey mwaka 1962, na jina lake linamkumbuka Mick Gillies, mtafiti wa mbu aliyefanya kazi hapahapa Amani enzi za taasisi ya malaria. Yuko peke yake katika jenasi yake. Amewekwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na wanaomjua wanamjua kutoka msitu huu. Kumtambua si kazi kubwa: ni kereng'ende mwembamba, mrefu, mweusi, na ncha ya mkia wake ni nyeupe, inaonekana gizani kabla hujauona mwili. Kazi ni kumpata, na kutokumharibia mahali pake wakati wa kumtafuta. Msiingize watu kumi ndani ya kijito. Simameni ukingoni, mtazame kwenye mimea inayoning'inia juu ya maji, na mkimwona mara moja inatosha. Wala msiache kuangalia mawe yaliyo jirani. Mkimkuta yule mwekundu amekaa hatua chache kutoka hapo, hiyo ndiyo habari ya siku, kubwa kuliko ya mashuhuri mwenyewe.

Nimalizie na mmoja wa kuwapa akili ya mahali. Katika misitu ya pwani, kuanzia Kenya, kupitia kwetu, hadi Msumbiji, yuko Coryphagrion grandis, kereng'ende mwembamba mkubwa ambaye jamaa zake wa karibu wako misitu ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Ukimtafuta mtoni utazeeka. Anataga kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti. Kwa hiyo mkikuta kereng'ende msituni, mbali na kijito, msiseme amepotea. Angalieni juu, mtafute mti wenye tundu, mwandike na mti.

Kwenye daftari basi, pamoja na jina, kila mmoja aandike tarehe, mahali, saa, alikaa juu ya nini, na kama pale palikuwa na jua au kivuli. Hilo la mwisho mkilisahau mimi sitakuwa na cha kufanya na daftari lenu.

Sasa imekaribia saa nne, na kabla ya saa nne hawa hawaamki vizuri. Nyavu ziko mbili tu, kwa hiyo atashika wavu aliyewahi kushika, wengine darubini. Tutaanzia pale darajani penye jua, tuwataje wekundu wote mpaka kila mtu ameiona miguu, ndipo tuingie msituni kwa makundi ya watu wanne. Maswali tuulizane njiani.